Gari Yetu na Bima: Tulipe Kiasi Gani?

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Itebero

 

Tumeomba muda kidogo juu ya neno moja tu, asiranse ya gari. Gari munaijua: ile pikapu ya mkono wa pili, yenye wafadhili walituongezea feza ili tuinunue. Inapeleka mawese na mchele Bukavu, inarudi na mbegu na chumvi, na familia zikiwa zinarudi vijijini inabeba vyombo vyao. Gari iko, shofere yuko. Lakini tangu mkutano uliopita kuna maneno mawili kati yetu. Wamoja wanasema: gari ni ya msaada, wafadhili wanatuangalia, tununue bima kubwa kabisa, ile ya kila hatari, mawakala wanaita «tous risques», halafu tulale usingizi. Wengine wanasema: hapa kwetu hakuna mtu alishawahi kuona kampuni ya bima inamlipa mtu, basi tununue ile karatasi ndogo ya kuonyesha polisi tu, na feza zingine ziende kwenye mbegu. Komite ilikaa na maneno yote mawili. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Sheria tuipitie haraka. Bima ya kulipia hasara yenye gari inafanyia watu wengine ni ya lazima katika Kongo tangu sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973. Mawakala wanaiita RC. Wazee hapa wanajua jina moja tu, SONAS, juu kampuni hiyo ya serikali ilianza 1966 na kwa miaka karibu hamsini ilikuwa peke yake. Sheria mpya ya bima, ya tarehe 17 Machi 2015, ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na mwaka 2019 ya kwanza yakapata ruhusa kwa ARCA, ile mamlaka ya kusimamia bima huko Kinshasa. Maana yake kwetu ni ndogo lakini ni nzuri: leo unaweza kuingia ofisi mbili, kuomba bei mbili, na kuzisoma pamoja. Na maana ya pili: kukosa kulipa hata kidogo haiko mezani. Tunaongea kiasi tu.

Sasa tukuje kwa hii karatasi ya kuonyesha polisi. Watu wengi wanafikiri bima ni kitu cha barieri. Unapita, unaonyesha, unaendelea. Ukiwa mahali barieri hawaiombi, basi haina kazi. Sisi tunasema bima inaanza kazi pale polisi hayuko, mtu anapokuwa chini.

Munakumbuka wote ile ya motari wa kwetu na mtoto wa shule, kwenye mteremko, siku ya soko. Hatutataja jina, mtu yuko hapa kati yetu na alishateseka ya kutosha. Hakuwa anakimbia, mvua ilikuwa imenyesha, mtoto alitoka nyuma ya kamyo iliyosimama. Mguu ulivunjika mara mbili. Hospitali ya hapa ilifanya yenye iliweza, kisha mtoto akatumwa Bukavu. Nani alilipa usafiri? Motari. Chuma cha mguu, motari. Chakula cha mama wa mtoto kwa wiki zote zile, ni motari tena. Aliuza pikipiki, ikatoka na kazi yake. Akauza nusu ya shamba la mihogo. Watoto wake wawili walikaa nyumbani muhula mzima. Na familia ya mtoto nayo haikupata yote yenye ilihitaji, juu mtu maskini ukimkamua, anatoa kidogo halafu anakauka. Familia mbili zilianguka kwa ajali moja. Ile bima ya RC, ambayo motari wengi wanaona ni ya polisi, ndiyo ingesimama kati yao.

Gari letu ni kubwa kuliko pikipiki na linabeba tani. Likiteleza mbele ya shule au sokoni Musenge, hatuongei mguu mmoja. Na kwenye karte roze, jina lililoandikwa ni la shirika. Kitabu cha tatu cha sheria ya raia, kifungu cha 260, kinasema mwenye kumtuma mtu kazi anajibu kwa hasara yenye mtu huyo anafanya akiwa kazini. Shofere wetu akigonga, anayeulizwa ni sisi wote: sanduku letu, mashine ya kukoboa mchele, ile stoo yenye tulijenga kwa mikono yetu. Juu ya hiyo komite inasema wazi: upande wa watu wengine, hapa hatupunguzi hata franga moja.

Na hapa kuna swali lenye wanunuzi wengi hawaulizi, mpaka. Kampuni italipa mpaka kiasi gani kwa mtu mmoja aliyeumia, na mpaka kiasi gani kwa ajali nzima? Angalieni majirani. Uganda, sheria yao ya 1989 iliweka shilingi 1,000,000 za kwao kwa mtu mmoja na 10,000,000 kwa ajali nzima. Leo ile milioni moja haifiki hata dola 300. Mtu ana bima, karatasi iko kwenye kioo, lakini ukipeleka mgonjwa hospitali feza zinaisha siku ya tatu. Kenya sheria yao inasema shilingi 3,000,000 za Kenya kwa mtu mmoja. Hiyo inasogea mbele zaidi. Kwa hiyo tukiwa mbele ya wakala, tusiulize tu «ni bei gani?». Tuulize «munalipa mpaka wapi?», na tuombe aonyeshe mstari ule kwenye mkataba. Mkataba huo kwa Kifaransa wanauita «police», na kwenye komite tulicheka sana, juu mzee mmoja alisema yeye polisi wa kumlinda hajawahi kumuona, sasa anaambiwa ananunua wa karatasi. Ikiwa kuna njia ya kuongeza mpaka kwa feza kidogo, ile nyongeza ndiyo feza nzuri kuliko zote tutakazotoa.

Kisha watu wenye wako ndani ya gari. Hapa tunaomba mutusikie vizuri, juu ni hapa tutagombana.

RC ya kawaida haimlipi shofere mwenyewe. Yeye ndiye anaendesha, si mtu mwingine. Gari likipinduka porini kati ya Hombo na Bunyakiri, shofere akavunjika mgongo, mke wake atakuja kwetu, na atakuwa na haki. Kuna bima ndogo ya pembeni kwa shofere na abiria, ya kifo, ya kilema na ya matibabu. Kwa kawaida bei yake si kubwa ukilinganisha na zingine. Komite inataka tuichukue.

Lakini hata hiyo ina masharti. Mikataba mingi inahesabu viti. Kama karte roze imeandika watu watano, abiria wa bima ni hao watano, wenye wamekaa ndani. Mama mwenye amekaa juu ya magunia ya mchele na mtoto mgongoni, kampuni itasema hakuwa abiria, alikuwa mzigo. Tunajua namna watu wanasafiri kwenye njia hii. Tunajua pia kwamba wengi wetu tulirudi nyumbani vile vile, juu ya magunia, tukishika kamba, na tulishukuru Mungu kwa nafasi. Haiko rahisi kumwambia mtu anayerudi kijijini nyuma ya miaka mingi kwamba juu ya gari la ndugu zake hakuna nafasi. Lakini tusitegemee bima yoyote, ndogo au kubwa, imlipe huyo mama. Tukimbeba juu, tunambeba kwa sanduku letu wenyewe. Komite inapendekeza: mizigo nyuma, watu ndani, kwa hesabu ya karte roze, na familia ikiwa kubwa gari linaenda safari mbili. Mafuta yataongezeka. Tumeyahesabu, na tunaona ni sawa.

Sasa tukuje kwa gari lenyewe, yaani ile «tous risques» ya kundi la kwanza. Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, si bei ya kampuni fulani.

Tuseme gari linauzwa dola 6,000. Tuseme ile bima ya kila hatari inaongeza dola 450 kila mwaka juu ya RC. Na tuseme mkataba uko na franshizi ya dola 400, yaani kila ajali, zile 400 za kwanza ni zako. Mwaka wa kwanza gari linagonga mti, taa na bampa vinaharibika, fundi anaomba 350. Kampuni inalipa ngapi? Sifuri. Mwaka wa tatu gari linaanguka kwenye daraja, linakufa kabisa. Kampuni haitatoa 6,000. Inatuma mtu wa kupima, na anaangalia gari lilikuwa na bei gani siku ile ya ajali, si siku ulinunua. Anasema 4,000. Ondoa 400, unapata 3,600. Umeshalipa mara tatu 450, ni 1,350. Umepata 2,250 zaidi ya zile ulizotoa, na hiyo ni kama gari lilikufa kabisa, kama karatasi zote ziko sawa, na kama kampuni haikukataa gari la zamani tangu mwanzo, juu wengi hawalipendi.

Upande mwingine tuko na kasha jekundu. Wafadhili wasiojua MUSO tuwaeleze kidogo: kwenye mitualite zetu kuna kasha la kijani la kuweka na kukopeshana, kasha jekundu la kusaidiana kwa magonjwa na misiba, na kasha la bluu la feza zenye zinatoka nje. Lile jekundu, ukiliangalia vizuri, ni bima yenye tulikuwa nayo kabla wakala yeyote hajafika hapa. Tukiweka zile 450 kwenye kasha jekundu la gari, mbali na lile la magonjwa, mwaka wa kwanza bampa inalipwa na 100 zinabaki. Gari lisipopata ajali, feza ni zetu bado.

Mtu akisema tunacheza kamari, hajakosea kabisa. Gari likifa mwezi wa nne, kasha halitakuwa na kitu cha maana. Lakini jiulizeni: gari likifa, shirika linakufa? Hapana. Tulikuwa tunakodi nafasi kwenye kamyo mbele ya gari hili, tutarudi kukodi, tutaumia, tutaendelea. Lakini watu sita wakiumia sokoni na sisi hatuna RC ya kutosha, hapo shirika linakufa kweli. Ndiyo tofauti yenye komite iliona. Hasara yenye tunaweza kuibeba, tuibebe wenyewe kwa kasha. Ile yenye itatumaliza, tuilipie kampuni. Siku tukipata gari jipya, la bei kubwa, tutarudia hesabu, na pengine jibu litakuwa lingine.

Na kuna vita. Wengi walituambia: lakini «tous risques» si ni hatari zote? Hatari yetu kubwa hapa ni watu wenye silaha, gari likichukuliwa au likichomwa tutalipwa. Ndugu zetu, soma mkataba. Mikataba ya kawaida ya bima inaondoa vita, machafuko na uasi, isipokuwa mumeandikiana kwa wazi kitu kingine. Ile hatari yenye watu wa Walikale na Masisi wanaiogopa zaidi, ndiyo ile «kila hatari» haiijui. Hapo hakuna karatasi ya kutusaidia. Kuna mahali gari linalala, saa gani linatembea, na sheria yetu ya kutobeba mtu mwenye bunduki, hata akiomba kwa adabu.

Tumebakisha ajali yenyewe, na hapa desturi yetu na mkataba havisikilizani. Kwetu mtu akigongwa, wazee wanakaa. Mwenye kugonga anakuja, anakubali, anaomba msamaha, mnaongea kiasi, mbuzi anatoka, amani inarudi. Ni jambo zuri, na bila hiyo pengine damu ingemwagika zaidi. Lakini mikataba mingi inasema: ukikubali kosa na kuahidi kiasi kampuni haijui, kampuni haifungwi na ahadi yako. Shofere anaweza kuahidi dola 2,000 mbele ya wazee kwa moyo safi, na kampuni ikasema hiyo ni yako. Basi tufanyeje? Tumeuliza, na jibu si gumu. Kumpeleka mgonjwa hospitali haraka si kukubali kosa, hata mikataba inajua hiyo. Kwenda kulala kilio, kupeleka chakula, kukaa na wazee, vyote hivyo tufanye, juu tunaishi pamoja. Lakini namba ya feza isitoke mdomoni mwa shofere. Aseme: shirika liko na bima, komite itakuja. Wazee wa hapa tulishawaeleza, na walielewa, ingawa mmoja alituuliza kama huyo bwana wa kampuni naye atakuja kula mbuzi.

Pili, karatasi ya polisi, ule PV, utafutwe siku ile ile. Tatu, kampuni ijulishwe ndani ya siku zenye mkataba unasema, na kwa kawaida ni siku chache. Sisi tuko mbali na ofisi, mvua ikikata njia siku tano zinapita kama saa moja. Kwa hiyo picha na ujumbe vitumwe kwa simu mara mtandao unapopatikana, barua ifuate na gari la kwanza, na nakala yenye mhuri wa kampuni irudi kwa sekretere wetu. Shofere awe na permi yenye haijaisha, na asinywe. Kampuni inatafuta sababu ya kutolipa. Tusiwe sisi wa kuitayarishia.

Ninyi motari wetu, neno moja. Sheria inaongea kila chombo cha injini cha barabarani, na pikipiki imo. Lakini ukiandikisha pikipiki yako kama ya kwenda shamba, na wewe unabeba abiria kwa feza kutoka asubuhi mpaka jioni, umenunua karatasi tu. Sema kazi yako kweli, hata bei ikipanda. Mukija wengi pamoja, komite itakwenda kwa wakala kuomba bei ya kikundi. Hatuahidi kitu. Tutajaribu.

Na kwenu wafadhili, kwa heshima. Mara nyingi msaada unakuja na feza za kununua gari, halafu mstari unaishia pale. Gari linatembea miaka mingi, bima inalipwa kila mwaka, na mwaka wa pili ndipo watu wanaanza kudanganya barieri. Mukiandika projeti nyingine, hapa au pengine, wekeni bima ya miaka mitatu kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na muulize mpaka ni ngapi, si bei peke yake. Wengine kati yenu walituuliza juu ya karte ya manjano ya COMESA, yenye inafanya bima ya gari itambuliwe Rwanda, Burundi au Uganda. Gari letu halivuki Ruzizi, kwa hiyo hatutailipia.

Basi tutapiga kura juu ya mambo manne: RC yenye mpaka wa juu kuliko wote tutakaoweza kulipa, bima ya shofere na abiria kwa hesabu ya viti, hapana kwa «tous risques» mwaka huu, na badala yake kasha jekundu la gari, lenye funguo tatu kwa watu watatu, na hakuna mtu juu ya mizigo. Hilo la nne tulipigie kura peke yake, juu tunajua kuna wenye hawakubali, na wana haki ya kusimama na kusema. Wenye kutaka neno wainue mkono sasa, wamama waanze.